Meza ya mtandaoni kwa michezo ya wahusika: ipi ununue ukiwa Mombasa, ipi uiache

Kabla hujatoa hata shilingi kwa programu ya kuchezea michezo ya wahusika (kila mtu anaigiza mhusika wake, dadu zinaamua) mkiwa mbali mbali, hesabu vifaa vya wachezaji wako. Tuseme msimamizi, yaani anayeendesha hadithi, yuko Nyali, ana laptopu nzuri na faiba ya nyumbani. Wawili, mmoja wa Tudor na mwingine wa Kisauni, wana laptopu za mtumba zilizotoka Uingereza. Wa nne yuko Likoni na ana simu tu, bando lenyewe la kuhesabu. Wa tano ni binamu wa mtu, anaishi London. Programu ikichaguliwa kwa kumtazama msimamizi peke yake, mchezo utakufa wiki ya pili, yule wa Likoni akiwa bado anatazama duara linalozunguka. Mwenye kifaa dhaifu ndiye mchaguzi, na mpangilio wetu wa hapa chini umefuata hilo.

Kwa mgeni: meza ya mtandaoni ni ramani yenye miraba, tokeni za wahusika (si za stima), dadu, ukungu unaofunika sehemu ambazo wahusika hawajafika, na pengine karatasi ya mhusika inayojipigia hesabu yenyewe. Kitabu si lazima mwanzoni. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons, mchezo wa wahusika unaojulikana zaidi, yaani zile za SRD 5.1 (hati rasmi ya kanuni hizo), zilitolewa chini ya leseni huria ya Creative Commons Januari 2023, na zinatosha kuchezea miezi kadhaa. Sauti iwekeni Discord (programu ya kuzungumza kwa kundi) hata kama programu mliyochagua ina sauti na video zake. Meza ikikwama, angalau mnaendelea kusikizana na mtu anaweza kusema "nimetoka, ningojeni".

Nafasi ya kwanza: Owlbear Rodeo

Hii ndiyo tunayompendekezea kila anayeanza, na wengi hawatahitaji nyingine. Inafunguka ndani ya kivinjari, hakuna cha kusakinisha. Msimamizi anafungua akaunti na chumba, kisha anatuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp. Mchezaji anakibonyeza, anaandika jina, ameingia. Yeye hahitaji akaunti. Inakubali kidole vizuri, kwa hiyo wa simu anasogeza tokeni yake mwenyewe badala ya kumwomba mwenziwe. Akaunti ya bure ina nafasi ya MB 200, ambayo ni tele ukibana picha kama tutakavyoeleza.

Kasoro yake ni kwamba haijui kanuni za mchezo wowote. Hakuna karatasi ya mhusika inayopiga hesabu, wala haitakukumbusha kuwa adui ana sumu mwilini. Dadu zipo, kuzilinganisha na kanuni ni juu yako. Kwa meza inayopenda penseli na daftari hiyo ni raha. Kwa meza yenye wachawi watatu wa ngazi ya 9, msimamizi atachoka. Ukitaka ukungu unaofunguka kadiri tokeni inavyotembea, ongeza kiendelezi cha Dynamic Fog ndani ya chumba. Ni cha bure, lakini kuta utazichora mwenyewe.

Jambo moja kwa wa simu: simu nyingi za bei nafuu huzima programu za nyuma ili kuokoa betri. Mchezaji akihama kutoka Discord kwenda kwenye ramani, sauti inakatika, naye analaumu mtandao. Aingie kwenye mipangilio ya betri ya simu, atafute Discord, aiondolee kikomo. Ni kazi ya mara moja.

Ramani ndiyo inayoua meza

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa, wakilipia programu kubwa ilhali kosa liko kwenye picha. Chukua ramani ya vichochoro vya Mji wa Kale, kutoka lango la Fort Jesus hadi ufuoni, miraba 30 kwa 40. Mchoraji ameitoa kwa pikseli 140 kila mraba, yaani pikseli 4,200 kwa 5,600. Ikiwa PNG, faili huweza kupita MB 20. Ukiibadilisha kuwa WebP (aina nyepesi ya faili ya picha) kwa ubora wa 80, inashuka hadi MB chache na jicho halioni tofauti. Tovuti ya Squoosh hufanya kazi hiyo bure ndani ya kivinjari, bila kuituma picha kokote.

Wengi huishia hapo na kushangaa kwa nini simu bado inakwama. Kubana faili kunaokoa bando tu. Picha ikishafunguliwa, kila pikseli inadai baiti 4 za kumbukumbu, faili iwe ndogo vipi. Pikseli 4,200 kwa 5,600 ni karibu MB 94 kwa ramani hiyo moja, kabla hujaweka tokeni hata moja. Ipunguze iwe pikseli 70 kwa mraba, utabaki na 2,100 kwa 2,800, na dai linashuka hadi kama MB 23.5, robo ya lile la mwanzo. Kwa hiyo punguza vipimo kwanza, ndipo ubane. Pikseli 70 zinatosha kwenye skrini ya simu na ya laptopu ndogo. 140 ni kwa mwenye skrini kubwa anayependa kuona mawe ya ukuta.

Na ukiwa na jumba la ghorofa tatu, zifanye ramani tatu. Usizibandike pamoja kwenye turubai moja kwa sababu tu inapendeza.

Nafasi ya pili: Foundry

Kwa uwezo, hii ndiyo ya kwanza. Tumeishusha kwa sababu inadai fundi. Toleo lake rasmi lilitoka Mei 2020, na bei yake ni dola 50 za mara moja, ambazo kwa kiwango cha shilingi 130 ni 6,500, bila kodi. Anayelipa ni msimamizi tu. Wachezaji huingia bure kwa kivinjari. Leseni moja huendesha mchezo mmoja kwa wakati mmoja. Mkigawana gharama watu watano, ni shilingi 1,300 kila mmoja na hakuna ada ya mwezi. Ukichora kuta za kichochoro, mchezaji haoni kilichoko nyuma ya kona mpaka tokeni yake ifike. Milango inafunguka, ya siri inabaki siri, taa ya kibatari inamulika umbali uliopimwa. Karatasi za wahusika hupiga hesabu zote.

Tatizo la kwanza ni kwamba seva ni wewe. Foundry huendeshwa kwenye kompyuta yako, na wachezaji wanakufikia kupitia mlango (port) namba 30000 wa ruta yako. Watoa huduma wengi huweka wateja nyuma ya anwani moja ya pamoja, na hapo kufungua mlango kwenye ruta hakusaidii kitu. Jipime hivi: ingia kwenye ukurasa wa ruta, tazama anwani ya WAN (ile ruta iliyopewa na mtoa huduma), kisha uilinganishe na anwani unayopewa na tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Zikitofautiana, au ya WAN ikianza na 10 au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya pazia. Intaneti ya simu mara nyingi ni hivyo hivyo. Una njia tatu: mwombe mtoa huduma anwani ya umma (huenda akaitoza), tumia Tailscale (mtandao binafsi unaounganisha kompyuta zenu) au njia nyingine ya kupitishia, au kodisha seva kwa kampuni kama The Forge. Ya tatu ndiyo tunayoipenda kwa mtu asiye na hamu ya ufundi, ila kumbuka imerudisha ada ya kila mwezi uliyokuwa ukiikimbia.

La pili ni kasi ya kupandisha. Faiba nyingi hutangazwa kwa kasi ya kushusha, na wewe hapa unapandisha. Wachezaji watano wakivuta ramani ya MB 4 kwa pamoja, ni MB 20. Ukiwa na megabiti 5 kwa sekunde za kupandisha, hiyo ni sekunde 32 za skrini nyeusi, na joka lilikuwa limeshaanza kunguruma. Dawa ipo: bonyeza kulia jina la ramani ijayo, chagua Preload Scene wakati wachezaji bado wanabishana na muuza duka, nayo itashuka polepole bila wao kujua.

La tatu ni laptopu za mtumba. Foundry inataka skrini ya angalau 1366 kwa 768, na hizo laptopu nyingi zina kipimo hicho hicho, lakini kivinjari hula sehemu ya juu kwa ajili ya tabo na anwani, hivyo onyo linatokea. Mchezaji abonyeze F11, au apunguze ukubwa wa ukurasa hadi 80% kwa Ctrl na alama ya kutoa. Ramani ikitembea kwa kusuasua, aangalie mipangilio ya Chrome, sehemu ya System, kama uharakishaji wa michoro umezimwa. Ukiwa umezimwa, auwashe. Kwa simu, Foundry usiihangaikie.

Mwisho, usisasishe Alhamisi ikiwa mnacheza Ijumaa. Toleo jipya la programu huvunja moduli (nyongeza za watu wengine) ambazo wenyewe hawajazirekebisha, na kurudi nyuma si rahisi kama kwenda mbele. Nakili folda nzima ya data kwenye diski nyingine kwanza. Na moduli zisizidi kumi mwanzoni. Anayeweka arobaini hatajua ipi imeleta hitilafu.

Nafasi ya tatu: Roll20

Ipo tangu 2012, na ndiyo ambayo wachezaji wa nje watakuwa wanaifahamu. Inafunguka kwenye kivinjari, mchezo unakaa kwenye seva zao, stima yako ikipotea meza haipotei. Nguvu yake ni karatasi za wahusika: zipo za michezo mingi sana, bure, na ukibonyeza ustadi dadu inajirusha. Ukitaka kurusha mwenyewe andika /roll 1d20+5 (dadu moja ya pande 20, jumlisha 5). Msimamizi anayetaka matokeo yafichike aandike /gmroll.

Akaunti ya bure ina MB 100 tu, na mwanga unaofuata mhusika ni wa wanaolipa ada. Akilipa msimamizi, meza yake yote inafaidi, kwa hiyo wachezaji wasishawishike kulipa kila mmoja. Tumeiweka ya tatu kwa sababu kwenye kivinjari cha simu ramani yake ni mateso, na kwa sababu ada ya mwaka mmoja au miwili inafika bei ya Foundry huku ukiacha kulipa huna chochote mkononi. Lakini kama wote mna laptopu na hakuna fundi kati yenu, ichukueni mbele ya Foundry bila kusita.

Makosa mawili ya kila mgeni. Anaweka ramani kwenye tabaka la tokeni, kisha mchezaji akivuta askari wake, mji mzima unamfuata. Ramani iwekwe kwenye tabaka la ramani. Na miraba ya picha haikai juu ya miraba ya programu: bonyeza kulia picha, ingia Advanced, chagua Align to Grid, kisha chora boksi la miraba 3 kwa 3 juu ya picha. Inajinyoosha.

Zilizobaki

Fantasy Grounds hufanya hesabu za mapambano kuliko zote na ina njia ya kuunganisha watu bila kugusa ruta, lakini kila mchezaji lazima aisakinishe kwenye kompyuta, na sura yake inahitaji uvumilivu. MapTool ni ya bure kabisa na ya chanzo huria. Ni ya mtu anayependa kuandika msimbo wake mwenyewe. Tabletop Simulator, ya 3D, inanunuliwa na kila mchezaji na inataka kompyuta yenye misuli. Iacheni, isipokuwa mnataka pia kucheza karata.

Kitabu cha kidijitali ulichonunua kwenye jukwaa moja usitarajie kukihamisha hadi jingine. Cheza mwezi mmoja kwanza.

Stima, bando na saa

Discord kwa kawaida huweka chaneli ya sauti kwenye kilobiti 64 kwa sekunde, yaani karibu MB 29 kwa saa kwa kila upande. Kikao cha saa nne kitengee MB 250 za sauti kisha ongeza ramani. Video zimeni, hizo ndizo zinazokula bando.

Ruta ya wati 8 ikiwekwa kwenye mini-UPS (betri ndogo ya kuishikilia stima ikipotea) ya volti 12 yenye betri za 10,000 mAh (wati-saa 37, ukitoa upotevu zinabaki kama 31) hudumu karibu saa nne, kikao kizima. Kagua volti na ampea zilizoandikwa chini ya ruta kabla ya kununua; ya volti 9 ukiiwekea 12 utanunua ruta nyingine.

Binamu wa London: saa tatu usiku Mombasa ni saa kumi na mbili jioni kwake wakati wa baridi, na saa moja usiku wakati wa kiangazi. Saa zao hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, na wiki hiyo lazima mtu achelewe. Ramadhani anzeni baada ya tarawehe na mmalize mapema, watu wana daku.

Kulipa, kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay inatosha. CVV yake (tarakimu za siri za kadi) hubadilika, kwa hiyo iombe ukiwa tayari kwenye ukurasa wa malipo, na acha salio la ziada kwa ajili ya kodi na tofauti ya kubadilisha dola.

Ila kabla ya kulipa, fanyeni jaribio la dakika 20 kwenye Owlbear ya bure: ramani moja ya pikseli 70, tokeni tano, wote Discord, saa ile ile mnayokusudia kucheza, kila mtu akiwa mahali atakapokaa siku hiyo. Aanze wa Likoni.