Mapitio ya The Old Man and the Sea: anza na mishipi, ishara zitakuja zenyewe

Riwaya hii fupi ya Ernest Hemingway ilichapwa nzima katika jarida la Life la tarehe 1 Septemba 1952, na wiki moja baadaye ikatoka kama kitabu. Mwaka 1953 ilipata Tuzo ya Pulitzer; mwaka uliofuata mwandishi akapewa Nobel. Ina maneno kama 27,000 na haijagawanywa katika sura, kwa hiyo inasomeka kwa mikao miwili.

Kisa chake hakina kona nyingi. Santiago, mvuvi mzee wa Kuba, amekaa siku 84 bila kupata samaki. Siku 40 za mwanzo alikuwa na kijana Manolin, kisha wazazi wa kijana wakamhamishia chombo kingine. Siku ya 85 mzee anatoka peke yake, anapita maji ya wenzake wote, ananasa nduaro mkubwa, wanavutana hadi siku ya tatu. Anamuua. Papa wanamla samaki huyo akiwa amefungwa ubavuni mwa chombo.

Kinachokiharibu kitabu hiki ni usomaji wa kujibia mtihani: mzee ni Yesu, bahari ni maisha, papa ni uovu, kisha mtu anarudi nyuma kuokota ushahidi. Hemingway mwenyewe alimwandikia mhakiki wa sanaa Bernard Berenson Septemba 1952 kwamba humo hamna ishara: bahari ni bahari, mzee ni mzee, samaki ni samaki, na papa ni papa tu. Si lazima tumwamini moja kwa moja, kwani waandishi hupenda kukana. Lakini kauli yake inatuonyesha pa kuanzia, napo ni kwenye vifaa.

Mzee anashusha mishipi minne: pima 40, pima 75, pima 100 na pima 125. Shina la ndoana limefichwa ndani ya samaki wa chambo, limefungwa na kushonwa, na sehemu inayochomoza imefunikwa kwa dagaa wabichi. Wenzake huiacha mishipi ichukuliwe na mkondo, hata wakidhani chambo kipo pima 100, kumbe kiko pima 60. Yeye anaishika wima. Nduaro anakula chambo cha pima 100, na hapo linatokea jambo ambalo wahakiki wengi hulipita mbio: mzee haufungi mshipi kwenye chombo. Akiufunga, samaki akishtuka utakatika. Anaupitisha mgongoni na kuweka gunia chini yake, ili mwili wake ndio upokee kila mvuto na kulegeza inapobidi.

Msalaba wa kitabu hiki umezaliwa kwenye hesabu hiyo ya uvuvi. Viganja vinachanika kwa sababu mshipi unakimbia. Mgongo unaumia kwa sababu hakuna kingine cha kuubeba mshipi. Baadaye anapowaona papa, anatoa sauti ambayo mwandishi anaifananisha na ya mtu anayehisi msumari ukipita kiganjani na kuzama kwenye ubao. Anaporudi nchi kavu anapanda kilima na mlingoti begani, anaanguka, kisha analala kifudifudi mikono ikiwa imenyooshwa. Dokezo la Kikristo lipo, wala halijafichwa. Ila anayetaka kila hatua ilingane na Njia ya Msalaba, ambamo Yesu anaanguka mara tatu, atakwama: njiani kwenda kibandani mzee anakaa kupumzika mara tano.

Sehemu nono zaidi, na inayosomwa vibaya zaidi, ni papa. Ukiambiwa papa ni uovu, rudi kurasa za mwanzo. Kijiji kina kiwanda cha papa ng'ambo ya ghuba: maini yanatolewa, mapezi yanakatwa, ngozi inachunwa, nyama inakatwa vipande vya kutiwa chumvi. Santiago mwenyewe hunywa kikombe cha mafuta ya maini ya papa kila siku, kwa ajili ya mafua na macho. Wavuvi vijana, wanaoitaja bahari kama mwanamume mpinzani ilhali yeye huiona kama mwanamke anayetoa au kunyima fadhila kubwa, wamenunua boti za mota kwa pesa za maini hayohayo. Kwa hiyo papa wanapomla nduaro, anayeliwa ni samaki wa watu wanaokula papa. Papa wa kwanza, wa aina ya mako, anayeondoka na ratili kama 40 za nyama, mzee anamstahi: anaishi kwa kula samaki hai, kama yeye tu. Anaowachukia ni galano, papa wanaokula mizoga.

Zitazame na silaha pia. Chusa linazama na mako pamoja na kamba yake. Kisu kilichofungwa kwenye kasia kinavunjika. Rungu linanyakuliwa gizani. Inabaki kana ya usukani, nayo inavunjika. Kila kifaa kinatosha kwa pambano moja au mawili, basi. Na sababu ya vita yote ni ya kipimo: nduaro ana futi 18, amezidi chombo kwa futi mbili, hapakiki ndani. Mzee anakiri kwamba hakumuua kwa chakula tu, bali pia kwa fahari, na kwamba alikwenda mbali mno akawaangamiza wote wawili. Dhamira ya binadamu na maumbile iko kwenye ungamo hilo kuliko kwenye ule msemo maarufu wa kuangamizwa bila kushindwa.

Linganisha na chanzo. Aprili 1936, katika jarida la Esquire, Hemingway alisimulia kwa ufupi habari ya mzee mmoja wa Kuba aliyeliwa nduaro wake na papa. Alipookotwa alikuwa akilia, nusu amerukwa na akili. Katika riwaya machozi amepewa Manolin.

Simba wa Afrika ambao Santiago huwaota wasitudanganye sisi wa Afrika Mashariki. Ni kweli Hemingway aliwinda Kenya na Tanganyika mwaka 1933 hadi 1934, lakini Santiago anaota pia bandari za Visiwa vya Kanari, yaani upande wa Atlantiki.

Kasoro zipo. Manolin ni mwema mno kuwa mtoto wa kweli. Kiingereza kinachoiga Kihispania huchosha mahali. Na nduaro wa ratili zaidi ya 1,500 anaitwa dume, wakati nduaro wakubwa hivyo huwa majike.

Nunua toleo kamili. Likifupishwa pale kwenye vyambo, au pale mzee anapokula jodari mbichi bila chumvi wala ndimu ili mkono uliokakamaa upate nguvu, ishara zinabaki hewani. Mazungumzo ya besiboli unaweza kuyapitia haraka. Kumbuka tu kwamba DiMaggio alikuwa mchezaji wa Yankees, timu ya besiboli ya New York, mwenye maumivu ya mfupa wa kisigino, maana mzee atamtaja tena akiwa baharini.