Saa ya chesi yenye nyongeza ya sekunde, tazama hii kabla hujanunua

Haya wanangu karibuni tena, leo ni saa ya chesi ya kidijitali, ile ya mashindano. Ukubwa, rangi, betri, hayo mnayaona wenyewe, tusipoteze muda. Mi nimekuja na kitu kimoja tu, nyongeza ya sekunde, yani kila ukicheza saa inakuongezea sekunde kwenye muda wako, aisee hiki kitu!

Cheki hapa. Nyeupe ana mfalme na ngome, nyeusi kabaki na mfalme mtupu. Ukiijua hii haizidi hatua 16 mtu kashameti, yani kamnasa mfalme hana pa kukimbilia. Sasa naweka sekunde 10 bila nyongeza, nacheza, nabonyeza, nacheza, nabonyeza, na mkono uliosogeza kete ndo huohuo unabonyeza saa, ukitumia mwingine refa anakuita, mfalme wake anakimbia tu huku, tatu, mbili... sifuri! Umeona sasa? Na hapo hujafungwa, ni sare, maana mfalme mtupu hawezi kumeti mtu, ila nusu pointi imeenda hivihivi na gemu ilikuwa yako. Mwenye reti kubwa, yani pointi za kiwango chake cha uchezaji, anajua hilo, hasalimu amri ng'o, anasubiri saa ikumalize.

Narudia. Sekunde 10 zilezile, nyongeza 30 kila hatua. Nacheza, nabonyeza, tazama namba... 38! Nimetumia mbili, imenipa 30, yani hapo nakunywa na maji kabisa. Aliyeipigia debe ni Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa dunia, mechi yake na bingwa mwenzake Spassky 1992 walitumia saa ya hivi.

Sasa nyie wa komenti mnaonipigia kelele na saa zile za kujaza kwa ufunguo, zenye kibendera kinachoanguka muda ukiisha, sawa, zinapendeza kabatini, ila sekunde haziongezi hata moja.

Kinachoniudhi ni kuiseti, vitufe vidogo halafu unabonyeza mara mia, ukipitiliza unaanza upya. Na ujue nyongeza ikiwa 30 unaandika kila hatua ya gemu kwenye karatasi mpaka mwisho, hata ukibanwa vipi, hakuna kuacha kuandika.

Bei? Imechangamka, siwadanganyi. Kama unacheza na ndugu yako sebuleni programu ya simu inatosha, ila mashindanoni simu huingii nayo ukumbini.

Video ijayo ni bodi na kete, kuna seti moja farasi wake kama mbuzi, nitaisema vibaya. Sabskraibu basi.