Gari inazima kwenye foleni, gereji inaniambia nimlete mume wangu

Naandika hasira zikiwa bado juu, na nimeona bora iwe hivyo, maana zikishuka nitaanza kuwatetea. Jina la gereji silitaji. Ni zile gereji za vioo na sofa, maji ya baridi mapokezi, vijana wamevaa fulana za kufanana. Kwa sababu hiyo niliwaamini kuliko fundi wa mtaani.

Gari ni Toyota IST namba D, nimeinunua mkononi kwa mtu, kwa mkopo wa Saccos ambao mpaka leo unakatwa kwenye mshahara wangu. Mengine ya IST sina haja ya kuyasimulia, Dar nzima inazo.

Ugonjwa wake ulikuwa huu. Asubuhi Kimara mpaka Posta haina neno. Jioni, gari imekaa juani kutwa, kiyoyozi kinafanya kazi, umeshakaa kwenye foleni nusu saa, inazima. Haitetemeki, haikohoi, inakata tu kama taa ya ndani Tanesco wakichukua umeme wao. Unapiga stata, stata inazunguka vizuri kabisa, injini haishiki. Unakaa dakika ishirini huku makonda wanakutukana, unapiga tena, inawaka kama haijawahi kuumwa. Kisha inaweza kukaa wiki nzima bila kurudia.

Siku iliyonitoa machozi nilikuwa natokea Buguruni na mwanangu amekaa nyuma. Ikazima napanda daraja la Kijazi pale Ubungo, nyuma yangu kuna lori la kontena. Usukani ukawa mgumu ghafla. Na breki, kwa asiyejua, injini ikizima ukikanyaga mara ya kwanza inakubali, ya pili inakubali nusu, ya tatu ni sawa na kukanyaga tofali. Nikabonyeza taa za hazadi, nikavuta breki ya mkono, nikamwambia mtoto afungue mkanda awe tayari kushuka. Ana miaka saba. Aliniuliza, "Mama, lori linatuona?"

Nikaipeleka gereji. Wakachomeka mashine chini ya usukani, wakaniambia mashine haioni kosa lolote, elfu hamsini ya kupima. Wakashauri plagi mpya, koili zote nne, wasafishe nozeli na throto. Nikalipa. Siku ya tatu ikazima Manzese.

Safari hii nikawapigia, na kwa haki lazima niseme walimtuma fundi kwa bodaboda ndani ya nusu saa. Kijana mpole. Akafungua swichi, akainamisha sikio kiti cha nyuma kusikiliza pampu ya mafuta, akanipigisha stata, kimya. Akasema, "Mama, pampu imekufa." Nikaamini, kwa sababu hata mimi nilisikia ule ukimya. Pampu mpya laki moja na themanini, ufundi elfu arobaini, na risiti ya EFD, ile ya kodi, nikaahidiwa nitatumiwa. Sijatumiwa.

Ikazima tena wiki hiyohiyo.

Sasa hapa ndipo palipofanya niandike. Nilirudi nikiwa nimechoka, sina ugomvi na mtu, nikamwambia yule kaka wa mapokezi kwamba gari haijapona. Hakuinua macho kwenye simu. Akasema wao waliijaribu asubuhi, haikuzima. Nikamwambia asubuhi haizimi, inazima ikishapata moto, nimeandika hivyo kwenye fomu yenu mara mbili. Akauliza, "Unaiendeshaje lakini?" Nikameza. Nikamweleza tena, foleni, jua, kiyoyozi. Akamgeukia mwenzake, wakacheka kidogo, halafu akasema mbele ya wateja wengine wanne: "Mama, mwambie mzee aje tuongee naye, haya mambo ya kontrolboksi tutakuchanganya bure."

Mzee gani? Gari ni yangu, mkopo ni wangu, kadi ya gari ina jina langu. Baba watoto yuko Mtwara kikazi, na siku lori liliposimama nyuma yetu hakuwepo yeye, nilikuwepo mimi. Na hiyo kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, waliyotaka kuongea na "mzee" ilikuwa laki sita na nusu. Hawakuipima, hawakuona gari ikizima hata mara moja uani kwao. Walikuwa wamemaliza kubahatisha vitu vya bei ndogo, sasa wanapanda kwenye vya bei kubwa.

Nilichukua funguo nikaondoka.

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja Sinza, anafanya kazi chini ya mwarobaini, hana hata kibao. Nilipomwamkia na kuanza kueleza, alinyamaza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza tangu mwanzo.

"Mwanangu, ikizima, ule mshale wa RPM, wa mzunguko wa injini, unaanguka vipi? Unachezacheza kwanza, au unalala mara moja?"

Nikafikiria daraja la Kijazi. Unalala mara moja, nikamwambia, gari yenyewe bado inatembea.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema gari inayokosa mafuta mara nyingi inavuta kwanza, inadhoofika, mshale unayumba. Inayolala ghafla hivyo, mara nyingi ni umeme. "Na ukipiga stata, mshale unanyanyuka hata kidogo?" Nikasema sijawahi kuangalia. "Basi leo tutaangalia."

Akanikataza kuegesha kivulini. Gari ikawekwa juani, kiyoyozi juu, akasimamisha boksi mbele ya rejeta kuzuia hewa, na yeye akakaa kwenye ndoo akiangalia joto la injini kwenye simu. Ana kifaa kidogo kama kidole gumba, unakichomeka palepale gereji walipochomeka mashine yao ya mamilioni, kinasoma kwenye simu. Hakugusa spana. Tulikaa kama dakika arobaini, akaniagizia chai, nikamweleza habari za shule. Gari ikazima.

"Piga stata," akasema, akaniletea simu dirishani. Stata inalia, injini inazunguka naisikia, na kwenye simu mzunguko unasoma sifuri. Akanieleza taratibu: injini inazunguka ila kompyuta haioni kama inazunguka. Isipoona, haitoi moto kwenye plagi, na wala haiwashi pampu ya mafuta. Pampu yangu ilikuwa kimya kwa sababu haikuamriwa kufanya kazi. Haikuwa imekufa.

Akalala chini upande wa puli ya krenki na chupa ya maji, akamwagia kidogo kidogo kitu kimoja cheusi cha plastiki, hakizidi kidole changu. Akasema piga. Ikashika hapohapo. Mimi nikataka kushangilia, yeye akasema bado, mara moja inaweza kuwa bahati, akairudisha kwenye joto mpaka ikazima mara ya pili, akamwagia tena maji, ikawaka tena. Ndipo akasimama, akajifuta mikono. "Sensa ya krenki, ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Ndani ina waya mwembamba sana, ukipata moto unaachia, ukipoa unashikana."

Kwa hiyo ugonjwa wote, machozi yote, laki kadhaa zote, ni kile kidude. Na dalili yake ndiyo ileile niliyoiandika kwenye fomu ya gereji: inazima ikipata moto, inawaka ikipoa. Hata mashine kusema hakuna kosa mzee hakushangaa, alisema sensa ikikata ghafla namna ile kompyuta inaweza kudhani umezima gari mwenyewe, isihifadhi kosa lolote.

Na mzee naye sitampamba kupita kiasi. Alinishauri sensa ya mtumba kutoka maduka ya vipuri ya Gerezani, elfu ishirini na tano, ikafa ndani ya siku tisa, nikakwama tena Shekilango na mvua inanyesha. Siku hiyo nilimkasirikia sana, nikasema wote walewale. Lakini nilipompigia alisema, "Kosa langu, nilitaka kukupunguzia gharama." Akaja mwenyewe, akafunga mpya kwa bei aliyonunulia, ufundi hakuchukua. Sasa ni zaidi ya mwezi. Juzi nimekaa foleni ya Mwenge saa nzima, kiyoyozi juu, mkono kwenye swichi ya hazadi kwa mazoea, mshale umetulia palepale.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa gereji nyota mbili, kwa ajili ya yule kijana wa bodaboda. Alisikiliza pampu, pampu ilikuwa kimya, akatamka alichokisikia. Kukosea kwa namna ile binadamu yeyote anakosea, na kama kuna mtu wa kumlaumu pale si yeye. Tena kama wangekubali kukaa na gari mchana mmoja tu nadhani yule kijana angeipata, maana alikuwa ananisikiliza.

Ila kila nikifika kwenye "mwambie mzee aje" nyota zinaondoka. Mteja ndiye aliyekuwepo gari ilipozima, ndiye mwenye dalili kichwani, na wao wakamkalisha kwenye sofa na kumcheka. Hata moja siwapi. Wanawake wenzangu mnaomiliki magari, mkienda pale nendeni, ila andaeni moyo.

Na pampu yangu ya zamani iko kwao. Ilikuwa nzima, na walipoifungua hawakunionyesha wala kunirudishia. Nimewatumia ujumbe mara tatu, alama za bluu naziona, jibu hakuna. Jumamosi naifuata mwenyewe, na siji na mume wangu.