SSD kwenye laptopu ya mwaka 2014: uzoefu wangu hapa Lamu

Kama laptopu yako imekuwa nzito kiasi kwamba ukiiwasha unakwenda kuteleka chai kwanza, na kila unayemuuliza anakwambia ununue nyingine, naomba usome hapa kabla hujatoa pesa. Yetu ilikuwa hivyo. Sasa inafunguka nikiwa bado navuta kiti, na dawa kubwa ilikuwa kubadilisha diski, yaani ghala la faili zote, tukaweka SSD, aina ya diski isiyozunguka.

Hapa nyumbani mashine ni moja, twaitumia sote. Mwanangu yuko kidato cha nne, baba yake anaweka hesabu za samaki, nami naandika barua na kumbukumbu za chama chetu cha akina mama. Ni laptopu ya mwaka 2014, prosesa (ubongo wa mashine) Core i5, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa) GB 4, na diski ya kuzunguka ya GB 500. Kwa kazi zetu yatosha kabisa. Lakini ilifikia hadi taa ya diski haizimiki, kishale kinaganda, na faili ya ukurasa mmoja haifunguki mpaka umeshasahau ulitaka kuandika nini.

Ushauri haukukosekana. Huyu alisema virusi, tuifute yote. Yule alisema tuongeze RAM. Hakuna aliyeifungua akatazama. Ndipo tukaelekezwa kwa fundi mmoja kijana, mtaa wa Langoni, akaja mpaka nyumbani. Alibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka, dirisha la Windows linaloonyesha kila sehemu inafanya kazi kiasi gani, akaigeuza laptopu upande wangu. "Mama, hebu tazama safu hizi." Prosesa ilikuwa inacheza kwenye asilimia 10. RAM ilikuwa imejaa nusu na kitu. Diski ilikuwa asilimia 100, haishuki, na ukitazama kiasi inachosoma ni MB 2 tu kwa sekunde. "Prosesa haijachoka," akasema. "Imekaa bure, inangoja kuletewa kazi na diski."

Hapo nikamuamini, kwa sababu alinionyesha kwa macho yangu.

Akaweka programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure, husoma kumbukumbu ambazo diski yenyewe huweka juu ya afya yake. Ilitoka rangi ya njano. Maana yake, kama alivyonieleza, ni kwamba kuna sehemu za diski zilizoharibika, na diski imeanza kuhamishia data kwenye sehemu za akiba. Kila inapokutana na sehemu mbovu hurudia kusoma tena na tena, na wewe huku unaona kishale kimeganda.

Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka kila mtu akishike. Hakukimbilia kuniuzia kitu. Aliomba diski ya nje, tukahamisha picha za arusi ya binti yangu, kazi za shule na hesabu zote. Diski iliyoanza kuugua haifanyiwi defragi, yaani kupangwa upya vipande vya faili, wala haijazwi programu za kusafisha. Kila kazi unayoiongezea inaisogeza karibu na kufa. Okoa vitu vyako kwanza, matengenezo baadaye. Akina mama wenzangu, picha haziagizwi Mombasa.

SSD yenyewe ndiyo ilitoka Mombasa, ikaja kwa basi mpaka Mokowe, ikavuka kwa boti. Ni Kingston A400 ya GB 240, umbo la inchi 2.5, yaingia palepale ilipotoka diski ya zamani. Nililipa shilingi 3,800, na ufundi 1,500.

Mbona tofauti ni kubwa hivyo? Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na mkono unaokwenda na kurudi kutafuta data, mfano wa sindano ya santuri. Kompyuta ikiwaka huhitaji maelfu ya faili ndogondogo zilizotawanyika, na mkono hutumia muda mwingi kutembea kuliko kusoma. SSD haina kinachozunguka wala kinachotembea. Hii yangu kiwandani wameiandikia MB 500 kwa sekunde kusoma na 350 kuandika, lakini hizo ni namba za faili kubwa. Raha ya kila siku inatoka kwenye zile ndogondogo.

Alipofungua kifuniko nikaona na jambo jingine. Kwenye mapezi ya kupoza joto vumbi lilikuwa limeshikana na nyuzi za nguo, limekuwa kama kipande cha blanketi, hewa haipiti. Skrubu mbili zilikuwa na kutu, nasi twaishi pembeni mwa bahari, chumvi imo hewani. Akasafisha kwa brashi, akafuta pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto, iliyokuwa imekauka, akapaka mpya. Joto likizidi, prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Dalili yake ni tofauti na ya diski: mashine huanza vizuri, halafu inazidi kuwa nzito kadiri inavyopata moto, hasa miezi ya kaskazi. Na tena akaniambia baadhi ya laptopu hupunguza mwendo zikiwa hazitambui chaja, kwa hiyo chaja za kubahatisha nazo zitazamwe.

Kuhusu Windows alikuwa mkweli. Mashine hii haifikii masharti ya Windows 11, na Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Tukakubaliana aweke Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambao ni wa bure. Mwanangu aliizoea mara moja. LibreOffice, programu yake ya kuandikia, yafungua faili za Word, ila jedwali zenye mapambo mengi husogea kidogo, nami hulazimika kuzinyoosha kabla ya kuchapisha. Ukitegemea programu maalumu ya Windows, fikiri vizuri kabla ya kuhama.

Upungufu upo. GB 240 ni chini ya nusu ya tuliyokuwa nayo, video sasa zinakaa kwenye diski ya nje. SSD pia huweza kufa ghafla bila mlio wa kukuonya, na kurudisha data ni shida, basi nakala ya pili ni lazima. Kuchakaa hakunitishi: Kingston wameikadiria iandikwe TB 80, yaani GB 80,000, na hata ukiandika GB 20 kila siku utafika miaka kumi na ushei.

Ukitazama Task Manager ukakuta diski imetulia na prosesa ndiyo iko asilimia 100 wakati wote, SSD haitakusaidia, usitoe pesa zako. Na ikiwa RAM ndiyo imejaa hadi juu, anza na RAM. Sisi tutaiongeza ya pili mwaka huu Mungu akipenda, na laptopu ya umri huu huchukua RAM ya aina ya DDR3L. DDR4 haiingii hata kwenye tundu lake, kwa hiyo mpigie picha muuzaji ile iliyomo kabla hajakufungia kifurushi.