Usukani mgumu alfajiri: uzoefu wangu na ATF Dexron III kwenye Corolla 110

Naipa ATF Dexron III, oili ya giaboksi za otomatiki inayotumika pia kwenye pawa steringi, nyota nne kati ya tano. Nimeitumia kubadilisha oili yote ya pawa steringi kwenye Corolla 110 ambayo usukani wake ulikuwa mgumu kila alfajiri ya kipupwe hapa Tabora, kisha unalainika gari likishatembea kilomita mbili tatu. Nyota moja nimeizuia kwa sababu oili haitibu kila ugumu, na dukani huambiwi hivyo.

Usikubali kununua pampu ya pawa steringi kwanza. Pampu iliyolika hujionyesha zaidi oili ikiwa ya moto, maana inakuwa nyepesi na kupenya kwenye nafasi zilizolika badala ya kujenga presha. Ugumu wa asubuhi unaoondoka gari likipata moto una wahusika wengine: oili nzito, chujio lililoziba, mkanda unaoteleza, hewa, au sili za valvu ndani ya reki, yaani chuma cha usukani kinachosukuma matairi kulia na kushoto. Juni na Julai joto la alfajiri huku hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Anayeijua asali ya Sikonge ameona inavyogoma kumiminika asubuhi hizo. Oili iliyochoka nayo hugoma hivyo hivyo.

Anza na upepo wa matairi ya mbele, psi 30 hivi kwa Corolla. Halafu mkanda wa pampu: injini ikiwa imezimwa, ubonyeze katikati kwa kidole gumba. Ukizama zaidi ya milimita 10 hivi, ukazwe. Ukiwa na nyufa au umeng'aa kama kioo, weka mpya. Mkanda unaoteleza hupiga kelele usukani ukikatwa hadi mwisho, hasa asubuhi.

Kisha piga jeki, weka stendi, na uzungushe usukani injini ikiwa imezimwa na matairi yakiwa hewani. Hapa pampu haifanyi kazi, kwa hiyo ugumu wowote usio wa kawaida ni wa vyuma. Ukishika na kuachia mara mbili katika kila mzunguko mmoja, jointi ya shafti ya usukani imekauka au ina kutu. Vumbi la kiangazi na matope ya masika huimaliza, na oili mpya haitaifikia.

Sasa oili yenyewe. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. ATF nzima ni nyekundu na inapitisha mwanga. Ikiwa kahawia au nyeusi na ina harufu ya kuungua, imekwisha. Ikiwa na povu, kuna hewa inayoingia, mara nyingi kwenye klipu ya mpira wa kutoka kwenye kikopo (chombo cha kuwekea oili ya usukani) kwenda pampu. Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kuongezea oili ya injini ya 20W-50. Ni nzito mno kwa baridi, na ugumu wa asubuhi ndio matokeo yake. Oili ya breki ni hatari zaidi: inaharibu sili zote. Soma mfuniko wa kikopo kabla ya kununua. Toyota nyingi za zamani zinataka ATF Dexron II au III, ila Honda wana oili yao na ATF isiwekwe humo.

Kubadilisha, nunua lita 2, ingawa mfumo hubeba lita moja au pungufu, maana nyingine inatumika kusukuma uchafu. Nyonya oili ya zamani kwa bomba la sindano. Chomoa mpira wa kurudishia oili, ule wenye klipu ya kubana kwa plaizi, siyo ule wa presha uliofungwa kwa nati. Ziba tundu la kikopo, ingiza mpira kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Kikopo chenyewe kitoe ukisuuze kwa mafuta ya taa na kukikausha kabisa, kwa sababu Corolla na nyingi za aina yake zina kichujio cha wavu ndani, na wavu uliojaa masizi huinyima pampu oili ikiwa bado nzito. Hatua hii mafundi wengi huiruka, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote.

Rudisha kikopo, jaza, kisha mtu azungushe usukani polepole toka mwisho hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, wewe ukiendelea kuongeza mpaka itoke nyekundu safi. Usiwashe injini kikopo kikiwa kikavu, pampu hulainishwa na oili hiyo hiyo. Rudisha mpira, jaza hadi alama ya COLD (kipimo cha oili ikiwa baridi), zungusha tena mara 15 hadi 20, ndipo uwashe. Usiushikilie usukani mwisho zaidi ya sekunde 5. Povu likitokea, zima, acha saa moja, rudia.

Kwenye Corolla hii ugumu ulikwisha asubuhi iliyofuata. Kama kwako unabaki, na hasa kama upande mmoja ni mzito kuliko mwingine, sili za teflon kwenye valvu ya reki zimelika au zimechimba mifereji kwenye chuma. Dawa za kuzuia kuvuja huvimbisha sili za mpira tu, teflon haivimbi, kwa hiyo usizitegemee hapo. Badilisha sili, au reki nzima kama chuma kimechimbika, kisha upime alaimenti.

Wenye IST na Passo, msitafute kikopo: usukani wenu unasaidiwa na mota ya umeme. Anzeni na terminali za betri na taa ya EPS (onyo la usukani wa umeme) kwenye dashibodi.