Fimbo Ndefu, Boti Ndogo: Kifaa Gani cha Kuhifadhia Ununue Kwanza

Anayetaka kununua vifaa vya kuhifadhia fimbo za kuvulia katika boti ndogo kwa kawaida huanza kwa kuhesabu fimbo alizo nazo, kisha hutafuta kishikio chenye nafasi zinazotosha idadi hiyo. Ningemshauri aanze na futi kamba. Fimbo ya futi 7, ambayo ni ya kawaida sana kwa uvuvi wa botini, ina urefu wa takriban mita 2.13, na ile ya kurushia kutoka ufukweni hufika mita 3.6 na hata kupita 4. Boti yenye urefu wa mita 4.5, kwa upande wake, haikupi mita 4.5 za mstari ulionyooka, kwa sababu mbavu zake hupinda kuelekea omo, mashine huchukua nafasi yake tezini, na mabenchi hukatiza katikati. Njia ya uhakika ni kuichukua fimbo yako iliyo ndefu kuliko zote, ikiwa na rili yake (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi), uilaze pale unapofikiria kuihifadhi, kisha utazame ncha inaishia wapi. Mara nyingi mahali palipoonekana pana nafasi tele hupungua kwa sentimita 20, na hizo 20 zinazochomoza ndizo zitakazokanyagwa.

Nasisitiza habari ya ncha kwa sababu vifaa vingi vinavyouzwa hutengenezwa kwa ajili ya mpini. Mpini ni mnene, ni rahisi kuushika, na mnunuzi akiuona umebanwa vizuri huridhika. Niliwahi kuwa na fimbo ya kaboni ya mita 2.4 iliyolala ubavuni mwa boti, mpini wake umefungwa imara kwa kamba ya mpira, na ncha yake imeachwa iegemee kichwa cha bolti. Baada ya misimu miwili rangi ilikuwa imetoka mahali pamoja, duara lisilozidi punje ya mchele, na chini yake nyuzi za kaboni zilikuwa zimeanza kuonekana kama uzi wa shati lililochakaa kiwikoni. Ilikatika hapo hapo, siku ambayo samaki aliyekuwa kwenye ndoano hakuwa mkubwa. Kaboni ina nguvu nyingi inapopindwa, lakini haivumilii kugongwa na kusuguliwa. Jeraha dogo hukaa kimya mpaka siku ya mzigo. Kwa hiyo nimepanga vifaa hivi nikiangalia kwanza namna vinavyoilinda ncha, pili wepesi wa kuichukua fimbo boti inapoyumba, na tatu madhara ambayo kifaa chenyewe kinaweza kuileta boti.

Nafasi ya kwanza: rafu za ubavuni, chini ya ukingo

Hizi ni vipande viwili au vitatu vya plastiki nzito, mbao au alumini, vilivyokatwa mapengo, ambavyo hufungwa upande wa ndani wa boti ili fimbo zilale moja juu ya nyingine chini ya ukingo. Boti ndogo kwa kawaida hubeba fimbo mbili au tatu kila upande kwa njia hii. Sababu ya kuziweka juu ya orodha ni kwamba hutumia sehemu ambayo haina kazi nyingine, ukingo wenyewe huwa paa la fimbo, na mkono wa mvuvi hufika bila yeye kusimama.

Sharti langu ni moja, nalo halilegezwi: rafu ziwe na mahali pa kuingizia ncha. Baadhi huuzwa zikiwa na mfuko wa kitambaa kigumu au bomba fupi la kufungwa upande wa omo. Kama haukuletewa, nunua peke yake au ukate kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa sentimita 40 hadi 60 na ukifunge kwenye mstari ule ule wa pengo. Ncha ikiwa ndani ya bomba, mtu anaweza kuivuta kamba ya nanga juu yake bila kuidhuru.

Angalia pia kitambaa au sponji iliyobandikwa ndani ya mapengo. Sponji inayonyonya maji hushika chumvi, na chumvi ikikauka huwa kama msasa unaosugua fimbo kwa kila wimbi. Chagua mpira laini au sponji ya vitundu vilivyofungika, ile ambayo ukiibonyeza ndani ya maji haitoi mapovu na haizidi uzito. Pengo lenyewe liwe na mkanda wa kufunga kwa mbele, kwa kuwa rafu isiyo na mkanda hutema fimbo pale boti inapotua kwa kishindo baada ya wimbi.

Ufungaji ndipo wengi hukosea, na kosa lake ni la gharama kuliko fimbo. Boti nyingi za faiba zina mbao au sponji katikati ya matabaka, na tundu la skrubu lisilozibwa hupitisha maji ambayo huozesha mbao hizo polepole mpaka ubavu unakuwa laini. Pima unene kabla ya kutoboa, tumia skrubu fupi isiyoweza kutokea upande wa nje, na jaza tundu gundi ya kuzibia ya kazi za majini kabla ya kuikaza. Mimi hupendelea kubandika kwanza ubao mdogo ubavuni kwa gundi ya epoksi, kisha skrubu ziingie kwenye ubao huo, bodi ya boti isiguswe. Kwa maji ya chumvi, omba chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, ambacho kina molibdeni kati ya asilimia 2 na 3 na hustahimili chumvi kuliko daraja la 304. Na kama boti yako ni ya alumini, weka plastiki au mpira kati ya chuma hicho na alumini, kwa kuwa vikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Nafasi ya pili: mabomba ya kuhifadhia

Bomba huilinda fimbo kuliko kifaa kingine chochote katika orodha hii, na lingeshika nafasi ya kwanza kama lisingekuwa linahitaji urefu usio na kizuizi. Fimbo huingizwa ikitangulia ncha, rili ikabaki nje mdomoni mwa bomba, na mabomba yenyewe hupita chini ya sitaha ya omo au chini ya mabenchi. Boti iliyo wazi, isiyo na sitaha, hulazimika kuyabeba sakafuni, nayo yatakuwa yakikwaza miguu.

Kipimo cha bomba hakitokani na unene wa fimbo. Kinatokana na pete ya kwanza ya kupitishia mshipi, ile iliyo karibu na rili, ambayo katika fimbo za rili ya kuzungusha huwa pana na hunyanyuka mbali na fimbo. Pima kutoka ukingo wa nje wa pete hiyo mpaka mgongo wa fimbo, kisha ongeza nusu ya kipimo hicho ili uweze kuitoa bila kuizungusha. Mdomo wa bomba uwe umepanuliwa au umelainishwa kwa msasa, kwa sababu ukingo mkali huparua pete. Pete nyingi zina kiini cha kauri ambacho kikipata ufa huukata mshipi unaopita ndani yake. Ukitaka kujua kama ufa upo, pitisha pamba ndani ya pete, nayo itanasa nyuzi zake penye kasoro ambayo jicho halikuiona.

Mabomba ya maji ya plastiki yanaweza kufanya kazi hii vizuri yakikatwa nyumbani, ila toboa matundu ya kutolea maji upande wa chini na usiyaache juani moja kwa moja, maana jua huikausha plastiki hiyo ikawa nyepesi kupasuka. Ivishe kila fimbo ala ya uzi uliosukwa kabla ya kuiingiza, na uondoe ndoano. Ndoano iliyonasa ndani ya bomba, mita moja na nusu kutoka mdomoni, huharibu asubuhi nzima.

Nafasi ya tatu: fimbo ya vipande, pamoja na ala yake

Huenda ikaonekana ajabu kuitaja fimbo nyingine katika mwongozo wa vishikio, lakini kwa boti isiyofika mita 4 ushauri wangu wa kwanza ungekuwa huu. Fimbo ya mita 3.6 yenye vipande viwili vilivyo sawa hulala katika nafasi ya takriban mita 1.8, na tatizo la urefu, ambalo hakuna rafu inayoweza kulitatua mahali pasipo na nafasi, huwa limekwisha. Dhana kwamba kiungo cha katikati huidhoofisha fimbo ilikuwa na msingi zaidi zamani, viungo vilipokuwa vya chuma kizito. Viungo vya leo hutengenezwa kwa kaboni au faiba ile ile ya fimbo, na kwa uvuvi wa kawaida tofauti haisikiki mkononi.

Kinachoiweka nafasi ya tatu ni muda. Kuunganisha vipande, kunyoosha pete na kupitisha mshipi upya kila mara kunachosha, hasa kundi la samaki likiibuka ghafla. Unaponunua, chagua ala ngumu yenye kizuizi kati ya vipande viwili, ili pete za kipande kimoja zisisugue mwili wa kingine. Fimbo za kuchomoza, ambazo vipande huingia kimoja ndani ya kingine, sizipendekezi kwa maji ya chumvi na mchanga, kwa sababu punje chache tu ndani ya kiungo huzifanya zikwame zikiwa zimenyooka.

Nafasi ya nne: rafu za chini ya paa

Boti yenye paa gumu la kivuli inaweza kulaza fimbo chini ya paa hilo, juu ya vichwa vya watu. Huko hazikanyagwi. Hakikisha tu kwamba nguzo hazitetemeki mashine inapokwenda kasi, na kwamba ncha zinazochomoza nyuma ya paa ziko juu ya usawa wa macho ya mtu mrefu kuliko wote unaosafiri nao.

Nafasi ya tano: vishikio vya wima

Hivi huuzwa sana, na huweza kusababisha fimbo kuvunjika vinapotumiwa kama hifadhi. Kishikio cha wima, kiwe kimezamishwa ukingoni au kimefungwa kwenye meza ya usukani, ni kifaa kizuri cha kuvulia: hushika fimbo mshipi ukiwa majini na huacha mikono huru. Safarini, hata hivyo, hushika mpini tu huku mita 2 za juu zikipigwa na upepo na kila kishindo cha wimbi kikiishia kwenye ncha. Fimbo zilizosimama pia hugonga madaraja na matawi, na kwa kuwa kaboni hupitisha umeme, ni hatari kubwa kupita nazo karibu na nyaya za umeme au kuziacha zimesimama radi inapokaribia. Zilaze mapema, mawingu yanapoanza kukusanyika, na zilaze pia kabla boti haijapandishwa kwenye trela. Ukivinunua, angalia kama ndani vina mpira wa kuvaa mpini na kama chini vina tundu la kutolea maji.

Nafasi ya mwisho: mikanda na kamba za mpira

Mikanda ya velkro ni msaidizi mzuri wa rafu, na nashauri kila mtu awe nayo michache. Kama hifadhi pekee haitoshi, kwa kuwa huziacha fimbo sakafuni au juu ya mabenchi, na kamba za mpira hulegea juani bila kutoa dalili. Vishikio vya kubandika kwa mpira wa kunyonya sivipendekezi kabisa. Unyevu na joto huviachilia, na fimbo pamoja na rili huenda majini kwa pamoja.

Baada ya kufunga chochote ulichochagua, usiende majini siku hiyo. Weka fimbo zote mahali pake, rili zikiwa zimefungwa na ndoano zimetolewa, kisha boti ikiwa nchi kavu tembea kutoka tezi mpaka omo ukiwa umebeba nanga mikononi, urudi, ukae kila kiti, ufungue kila kifuniko. Rudia tena usiku, bila taa. Kila mahali goti, kiwiko au kamba ya nanga inapogusa fimbo pawekee alama ya chaki, na usogeze kifaa kabla gundi ya skrubu haijakauka.