Hesabu ya milimita: lini ubadili matairi ya pikapu, na ununue yapi

Chukua njiti ya kiberiti, ichomeke kwenye mfereji wa tairi la nyuma, weka alama kwa ukucha pale mpira unapoishia, kisha ilaze juu ya rula ya mtoto. Hapo umeshapima kashata, yaani ule mpira wa juu wenye mifereji unaokanyaga barabara. Kazi haizidi dakika mbili, na ndiyo inayoamua kama mwezi huu pesa inaenda kwenye tairi au kwenye ada.

Ninaandika kama mtu wa Hilux ya kebini moja, inayoshusha nyanya za Ilula kwenda Dar es Salaam na kurudi na chochote kinacholipa mafuta. Njia hiyo ina kila kitu: baridi ya Iringa alfajiri, kona za Kitonga, joto la Ruaha Mbuyuni saa nane mchana, halafu matuta ya Mikumi. Tairi lenye siri halifiki nayo Morogoro.

Tairi jipya la lami kwa pikapu huja na kashata ya milimita 8 au 9 hivi. Yale ya AT, yanayopita lami na vumbi, hufika 10 mpaka 12. Ndani ya mifereji mikubwa kuna vijituta vya mpira. Utavipata ukifuata herufi TWI au kipembetatu kidogo kilichochorwa begani mwa tairi. Kimo chake ni milimita 1.6. Kashata ikilingana navyo, tairi limekwisha.

Wengi wetu husubiri mpaka hapo, na kwenye pikapu huko ni kuchelewa. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, uzito umelala mbele kwenye injini. Kashata ikishuka chini ya milimita 3 mifereji haiwahi kutoa maji, tairi linapanda juu ya maji badala ya kushika lami, na mkia wa gari unataka kutangulia. Mstari wangu ni 3 kwa anayekaa kwenye lami, na 4 kwa anayeingia shambani kwenye udongo. Kama ni Februari na njiti inasoma 3 na nusu, nunua sasa. Masika hayatakungoja, na bei kwa kawaida haishuki mvua ikianza.

Tazama pia imelika wapi. Katikati peke yake, umekuwa ukijaza upepo kupita kiasi. Mabega yote mawili, upepo ulikuwa mdogo, au ulibebesha bila kuongeza. Upande mmoja tu, hiyo ni alaimenti, magurudumu hayajanyooka sawa. Mabonde-mabonde kuzunguka tairi, kagua shokapu. Ukinunua matairi mapya bila kutibu chanzo, utayala kama ulivyoyala haya. Kipimo cha upepo kipo kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, gari tupu na gari lenye mzigo. Usimwachie kijana wa kompresa akisie kwa kupiga teke.

Uvimbe ubavuni, waya zinazochungulia, mpasuko ubavuni unaoonyesha nyuzi: hapo hakuna kupima. Badili leo hii, hata kama kashata ni ya jana.

Kuna na umri. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine zimechapwa upande mmoja tu, na fundi akalifunga tairi tarakimu zikitazama ndani, kwa hiyo lala chini ya gari usome. Likipita miaka mitano, lifanyie ukaguzi kila mwaka. Likifika kumi liondoe hata kama linang'aa, na tairi la spea pia limo. Enzi za kiwanda cha General Tyre cha Arusha, tairi halikuwa na safari ndefu kufika dukani. Siku hizi tairi "jipya" linaweza kuwa limekaa kwenye kontena na stoo miaka mitatu, na muuzaji hatakwambia usipouliza.

Hili nimelilipia. Mwaka 2022 nilinunua matairi mawili ya mtumba, kashata milimita 7, yamepakwa dawa ya kung'arisha mpaka unajiona. Safari ya tatu, nikiwa na matenga ya nyanya, moja lilibanduka ngozi, yaani kashata yote, mbele kidogo ya Ruaha Mbuyuni. Nilisikia kama mtu anapiga debe chini ya bodi. Fundi wa pancha wa pale akaokota kipande cha ngozi, akakikunja kwa vidole kama chapati, akanionyesha vijimkato vyembamba vilivyojaa kwenye kila tofali la kashata. "Mzee, hili la theluji." Ubavuni limeandikwa STUDLESS, tarehe 0911. Wiki ya tisa, 2011. Matairi ya namna hiyo hutengenezwa kwa mpira laini ili ushike barafu huko Ujapani. Kwenye lami ya moto unalainika zaidi na kuisha kama kifutio. Ukiongeza umri wa miaka kumi na moja, nilikuwa nimenunua bomu lililopakwa mafuta.

Tangu siku hiyo sinunui kwa bei, nanunua kwa milimita. Toa 3 kwenye kashata uliyoipima, kwa sababu hizo 3 za mwisho hutazitumia, kisha gawa bei kwa zinazobaki. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, tairi jipya la milimita 9 ni shilingi 300,000: una milimita 6 za kutumia, kila moja 50,000. La mtumba la milimita 5 ni 120,000: una milimita 2 tu, kila moja 60,000. Lile la "bei poa" ndilo ghali, na bado hujahesabu kufunga, balansi na siku ya kurudi tena gereji. Peleka bei za dukani kwako kwenye hesabu hiyo, kisha soma mpangilio wangu.

Namba moja: manne mapya ya saizi ya kiwandani, yenye herufi C au LT, chapa ya bei ya kati. C ni ya magari ya biashara, LT ni ya malori mepesi. Yote yameimarishwa kwa mzigo. Hilux nyingi za kazi huvaa 205R16C au 225/70R17C. Baada ya saizi kuna namba ya uwezo wa kubeba. Kwenye 205R16C utakuta 110/108, na 110 ni kilo 1,060 kwa tairi moja (108 ni pale yanapofungwa mawili mawili, pikapu yetu haihusiki). Sasa linganisha na tairi la gari dogo la rimu 16 lenye namba 91: kilo 615. Mawili ya nyuma ni kilo 1,230, na ndani yake kuna uzito wa gari lenyewe kabla hujapandisha hata tenga moja. Atakayekwambia "rimu ni ileile, linaingia" hajasema uongo, kuingia litaingia. Chapa kubwa kama Bridgestone, Dunlop au Yokohama ni nzuri kama mfuko unaruhusu, ila kwa kazi ya lami sioni sababu ya kukopa kwa ajili ya jina.

Namba mbili: mapya mawili sasa, mawili baadaye. Ndicho tunachofanya wengi. Mapya yafunge nyuma. Najua mazoea ni kuyaweka mbele, eti usukani ndio muhimu. Lakini mbele ikiteleza utaisikia mkononi na kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza kwenye kona za Kitonga, utajua ukiwa unatazama ulikotoka. Kulia na kushoto yawe ya aina moja na kashata inayolingana, la sivyo difu, zile gia za katikati ya ekseli, inafanya kazi hata barabara ikiwa imenyooka. Mwenye 4x4 aongeze tahadhari: kama matairi ya mbele na ya nyuma yamepishana sana, asiingize 4H (gia ya kusukuma magurudumu yote manne) kwenye lami kavu. Hiyo haifai hata matairi yakilingana, na yakipishana gia boksi ndiyo inayolipa.

Namba tatu: AT nzuri, mfano BFGoodrich All-Terrain au Yokohama Geolandar A/T. Kwa mtu wa kokoto na mawe ningezipandisha ziwe za kwanza, kwa sababu ubavu wao unavumilia na kashata ni nene, hivyo hesabu ya milimita mara nyingi inawatetea. Kwa mtu wa lami ni kelele, na mafuta yanaongezeka kidogo. Baadhi ya AT zina mchoro wa mlima na theluji ubavuni. Usiziogope kwa huo tu, ni neno STUDLESS linalopaswa kukukimbiza.

Namba nne: mapya ya bei ya chini, mengi ya China. Sina dharau nayo. Nilifunga seti moja ikaenda bila kunisumbua, ingawa kwenye mvua breki zilihitaji adabu. Sharti langu: C iwepo, namba ya mzigo ilingane na ya kiwandani, na tarehe isizidi miaka miwili.

Namba tano ni mtumba, na nimeuacha kwenye orodha kwa ajili ya mtu mmoja tu: aliyekwama, anayehitaji tairi la kumfikisha mwisho wa msimu. Milimita 6 kwenda juu, umri chini ya miaka mitano, lisiwe la theluji, na fundi alivue kwenye rimu ulitazame ndani kwa tochi. Kiraka kikubwa karibu na ubavu, rudisha. Muuzaji akikataa kulivua, ameshakujibu.

MT, yale ya matope yenye kashata kama meno ya mamba, nayaweka namba sita kwa sababu wengi wanaoyafunga hawaoni matope zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Yananguruma, yanakula mafuta, na kwenye lami yenye maji hayashiki vizuri. Kijana wa kuuza sura mjini, sawa.

Mwisho kabisa, na hapa sina hata namba ya kuliwekea, ni tairi la kuchonga. Fundi anachukua kipara, anachimba mifereji mipya kwa kisu cha moto, anapaka rangi. Yapo matairi ya malori makubwa yaliyoandikwa REGROOVABLE, yaliyoachiwa mpira wa ziada chini kwa kazi hiyo. Matairi ya pikapu zetu hayana mpira huo, kwa hiyo kisu kinaelekea kwenye waya. Utalitambua kwa kutafuta vijituta vya TWI: mifereji ni mirefu lakini vijituta havipo, au vimekatwa.

Ukishanunua, soma DOT kabla fundi hajafunga, si baada. Weka valvu mpya, fanya balansi na alaimenti siku hiyohiyo. Halafu kaza nati tena baada ya kilomita 50 hivi. Mimi nikifunga Iringa mjini, husimama Ilula na spana, kabla ya kupakia.